Setilaiti, Simu na Malisho: Mageuzi ya Kidijitali ya Makampuni na Ubunifu Unaotunza Mazingira katika Isiolo

Mhadhara huu unahusu swali moja, nalo ni kama kampuni inayohamishia shughuli zake kwenye mifumo ya kidijitali huzidi kubuni bidhaa na taratibu zinazotunza mazingira, au huzidi tu kuwa na kompyuta nyingi. Mageuzi ya kidijitali, kwa maana inayotumika hapa, si ununuzi wa mashine, bali ni mabadiliko ya namna kampuni inavyojua, inavyoamua na inavyolipwa, kwa kuwa habari zake sasa hukusanywa, huhifadhiwa na kusafirishwa kwa tarakimu. Ubunifu rafiki kwa mazingira nao ni bidhaa, huduma au utaratibu mpya ambao, ukilinganishwa na ule uliokuwapo, hupunguza uharibifu wa ardhi, maji na hewa, au huwasaidia watu kuhimili tabianchi inayobadilika. Uhusiano wa mambo haya mawili umechunguzwa sana katika nchi zenye viwanda vingi, hasa China, na mara nyingi watafiti huhesabu hataza, yaani haki za kisheria anazopewa mvumbuzi, na kuzilinganisha na mara ambazo maneno ya kidijitali hutokea katika taarifa za mwaka za kampuni zinazouza hisa zake sokoni. Kwa kipimo cha namna hiyo kaunti ya Isiolo, nchini Kenya, haionekani kabisa, ingawa kwa zaidi ya miaka kumi malisho yake yamekuwa mahali ambapo makampuni ya bima, ya nishati na ya biashara ya kaboni yamejaribu mifumo ambayo wasomaji wa taarifa hizo za mwaka wangeshangaa kuiona.

Isiolo ina eneo la kilomita za mraba zipatazo 25,000 na, kwa sensa ya mwaka 2019, wakazi 268,002, wakiwamo Waborana, Wasomali, Waturkana, Wasamburu na Wameru. Sehemu kubwa ya kaunti ni nchi kame isiyofaa kilimo cha mvua, na uhai wake hutegemea misimu miwili ya mvua pamoja na mto Ewaso Nyiro, unaopita mji wa Merti kuelekea kinamasi cha Lorian. Katika nchi kama hiyo mvua hainyeshi kwa usawa. Bonde moja hupata nyasi ilhali jirani yake halikupata tone, na kwa sababu hiyo kuhamahama kwa mfugaji si mazoea ya kale tu bali ni njia ya kuitumia nchi bila kuimaliza. Miongoni mwa Waborana wa Waso, yaani wa nchi ya mto huo, matumizi hayo huongozwa na utaratibu wa dedha, ambapo baraza la wazee, jarsa dedha, huamua ni malisho yapi yatumike wakati wa mvua, yapi wakati wa kiangazi, na yapi yafungwe hadi ukame mkali utakapobisha hodi, huku maji ya visima yakigawanywa kwa zamu chini ya msimamizi wa kisima. Kabla ya uamuzi, vijana hutumwa mbele kutazama nyasi, maji, maradhi na usalama, kisha hurudi na habari zinazopimwa na wazee barazani. Jambo hili lina uzito katika hoja inayofuata, kwa sababu linaonyesha kwamba makampuni hayakuikuta Isiolo ikiwa tupu ya mifumo ya habari. Yaliukuta mmoja ukifanya kazi, wenye kanuni za nani atoe taarifa, nani aiamini, na nani awe na haki ya kuamua kutokana nayo.

Ili kuelewa kile hasa ambacho tarakimu huongeza, inafaa kurejea kwa mwanauchumi Mwingereza Ronald Coase, ambaye mwaka 1937 aliuliza kwa nini kampuni zipo ikiwa soko linaweza kufanya kila kitu, akajibu kwamba kulitumia soko kuna gharama zake, kama vile kumtafuta wa kufanya naye biashara, kupatana bei na kuandikiana mkataba. Waliomfuata waliongeza gharama ya kuhakikisha kwamba kilichoahidiwa kimetendeka. Mambo mengi yenye faida kwa mazingira hukwama hapo: ujuzi wake upo, na pengine hata mwenye fedha yupo, lakini mwenye fedha hana njia nafuu ya kuthibitisha kwamba aliyeko mbali ametimiza sehemu yake. Hoja ya mhadhara huu ni kwamba mageuzi ya kidijitali huzaa ubunifu wa kijani pale ambapo kikwazo kilikuwa uthibitisho, na kwamba huwa dhaifu, na wakati mwingine huleta madhara, pale ambapo kikwazo kilikuwa maafikiano kati ya watu.

Mfano ulio wazi zaidi wa upande wa kwanza ni umeme wa jua. Paneli za sola zilikuwa zikiuzwa Kenya tangu miaka ya 1980, ila zilinunuliwa na wachache wenye mshahara au mavuno ya biashara, kwa sababu bei yote ilidaiwa siku moja na hakuna mkopeshaji aliyekuwa tayari kumfuata mdaiwa wake nyikani kwa ajili ya taa tatu. Safaricom ilipoanzisha M-Pesa Machi 2007, malipo madogo sana yaliwezekana bila mtu kusafiri; na kampuni ya M-KOPA, iliyoanza kuuza mwaka 2012, ilitia laini ya simu ndani ya kifaa cha sola chenyewe, hata mteja aliweza kutoa malipo ya kwanza, kisha akalipa mdogo mdogo kila siku fedha ambazo angezitumia kwa mafuta ya taa, naye asipolipa kifaa huzimwa kutoka ofisini na kuwashwa tena anapolipa. Hapa hakuna uvumbuzi mpya wa fizikia. Kilichobuniwa ni uwezo wa kujua, kwa gharama karibu na sifuri, nani amelipa, na uwezo wa kufanya jambo kutokana na ujuzi huo; koroboi ilianza kutoweka katika nyumba nyingi za Kenya kwa sababu mhasibu alipata namna ya kuwaona wadaiwa wake.

Lakini hadithi haikuishia hapo, na sehemu yake ya pili husimuliwa kwa nadra na wanaosifu ya kwanza. Katika miaka iliyofuata M-KOPA ilielekeza sehemu kubwa ya biashara yake kwenye simu za kisasa zinazolipiwa kila siku, kwa kuwa simu nayo inaweza kufungwa kutoka mbali, na baadaye ikaanza pia kukopesha pikipiki za umeme. Hakuna kosa katika hilo. Kampuni ilikuwa na ujuzi wa kuthibitisha malipo, ikautumia popote penye faida, na bidhaa ya kijani ilikuwa mmoja wa abiria tu. Kinachostahili kusemwa ni kwamba mfumo uleule unaojua kila kifaa kiko wapi na kina hali gani ungeweza kutumika kukirudisha kifaa hicho betri yake inapokufa, badala ya kuachwa kitupwe kwenye korongo. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 imemwekea mzalishaji wajibu juu ya bidhaa yake hata baada ya kuiuza, ila betri iliyokufa haidaiwi na mtu, na data hufuata deni.

Si kila badiliko lenye manufaa linatoka kwa kampuni kubwa. Ushirika wa wanawake wa Anolei mjini Isiolo, unaokusanya maziwa ya ngamia kutoka kwa wafugaji na kuyapeleka kwa basi hadi Eastleigh, Nairobi, hufanya biashara ambayo hufa au hupona kwa saa chache, kwa kuwa maziwa hayo yanakamuliwa mbali kwenye joto kali na barafu ni adimu. Simu na malipo ya M-Pesa yamewawezesha wafanyabiashara wa maziwa ya ngamia kujua mapema kiasi kinachokuja na kumlipa mfugaji bila fedha taslimu barabarani. Ngamia hula majani ya miti na hustahimili kiu kuliko ng’ombe, hivyo kila lita inayofika sokoni kabla ya kuharibika huifanya mifugo inayoihimili nchi kame iwe na thamani zaidi. Hakuna ofisi ya hataza itakayosajili jambo hilo.

Bima ya mifugo ndiyo inayoonyesha vizuri zaidi nguvu ya uthibitisho wa kidijitali pamoja na mpaka wake. Bima ya kawaida haikuwezekana katika nchi ya wahamaji, kwa sababu kumtuma mkaguzi kutoka mjini akaone kama ng’ombe mmoja amekufa, na amekufa kwa nini, kungegharimu zaidi ya ng’ombe mwenyewe. Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, ILRI, pamoja na washirika wake, ilianzisha Marsabit mnamo Januari 2010 bima isiyomtazama ng’ombe hata kidogo, nayo ikaenezwa Isiolo na Wajir mwaka 2013. Bima hiyo hufuata kiashiria, yaani kipimo kimoja kinachokubaliwa tangu mwanzo kuwa kitaamua malipo, na kiashiria chenyewe ni ukijani wa nchi unaosomwa na setilaiti. Mimea hai hufyonza sehemu kubwa ya mwanga mwekundu na kuakisi kwa wingi mwanga mwingine usioonekana kwa macho, na tofauti ya miale hiyo miwili huieleza kompyuta ni kiasi gani cha mimea kipo katika eneo fulani kwa siku kumi zilizopita, na ni kiasi gani kimepungua kuliko kawaida ya miaka iliyotangulia. Ukijani ukishuka chini ya kiwango kilichoandikwa katika mkataba, kila aliyekata bima katika eneo hilo hulipwa, awe amepoteza mnyama au la. Mwaka 2015 serikali ya Kenya iliuchukua utaratibu huo katika mpango wa kitaifa, ikawalipia ada wafugaji maskini kwa mifugo sawa na ng’ombe 5 kwa kila kaya, na katika ukame wa mwanzoni mwa 2017 fedha zilizolipwa katika kaunti 6, Isiolo ikiwamo, zilizidi shilingi milioni 200. Mkenya Andrew Mude, mwanauchumi aliyeiongoza kazi hiyo, alipewa mwaka 2016 tuzo ya utafiti wa nyanjani yenye jina la Norman Borlaug.

Hata hivyo setilaiti huiona nchi kama mtu anayekisia ukubwa wa kundi kwa kutazama vumbi lake. Kuna vumbi bila kundi, na kuna ukijani bila malisho. Mathenge, mti wa kigeni ulioenezwa kwa miradi ya kuzuia jangwa na ambao sasa umevamia sehemu nyingi za kaskazini mwa Kenya, hubaki na majani wakati nyasi zimekwisha, hivyo mfugaji huweza kuzungukwa na rangi ya kijani huku mifugo yake ikikonda. Wataalamu wa bima huita tofauti hiyo kati ya kiashiria na hasara halisi hatari ya pengo, na si jambo dogo, kwa sababu mtu aliyelipa ada, akapoteza mifugo, kisha akaambiwa kwamba kipimo hakikufika, hatarudi kulipa msimu ujao. Marekebisho muhimu kuliko yote yaliyofanywa kwenye bima hii hayakudai chombo kipya angani. Hapo mwanzo mkataba ulikisia vifo vya mifugo na kulipa baada yake. Baadaye ukabadilishwa ulipe mapema, malisho yanapopungua, ili mfugaji anunue majani, maji na dawa akingali na mnyama wa kumpa. Yalichodai ni uwezo wa kampuni kutambua maarifa ya nje, kuyaelewa na kuyatumia, ambao Wesley Cohen na Daniel Levinthal waliueleza mwaka 1990 kama uwezo wa kufyonza maarifa, na ambao kwa kawaida hutajwa kuhusu maabara na vyuo vikuu. Katika Isiolo maabara hiyo ni baraza la wazee na vijana wanaorudi kutoka kutazama nyasi.

Hoja inafika kwenye ugumu wake katika biashara ya kaboni. Hati ya kaboni ni cheti kinachosema kwamba tani moja ya hewa ya ukaa imeondolewa angani au imezuiwa kuingia humo, na kampuni inayotoa moshi mahali pengine huweza kuinunua ili kufidia sehemu ya uchafuzi wake. Shirika la Northern Rangelands Trust, lililoanzishwa mwaka 2004 na linalosimamia mtandao wa hifadhi za jamii kaskazini mwa Kenya, lina mradi ambao hesabu yake inaanzia 2013, uliopangwa kwa miaka 30, na unaohusu hifadhi 14 zenye hekta zipatazo milioni 1.9 zikiwamo za Isiolo. Wazo lake ni kwamba mifugo ikilishwa kwa mzunguko uliopangwa, nyasi hupata muda wa kupona, mizizi huzidi, na udongo huhifadhi kaboni zaidi. Ni ubunifu ambao usingewezekana bila mageuzi ya kidijitali, kwa maana hakuna awezaye kuchimba na kupima udongo wa hekta milioni 1.9, badala yake sampuli za udongo huunganishwa na picha za setilaiti na modeli ya kompyuta, yaani mlinganyo unaokadiria kile kisichopimwa kutokana na kile kilichopimwa. Miongoni mwa wanunuzi waliotajwa hadharani ni Meta na Netflix. Kwa njia hiyo nyasi za Merti zimeingia katika hesabu za makampuni ambayo bidhaa zake karibu zote ni za kidijitali, na ambayo seva zake hula umeme mchana na usiku. Jambo hilo peke yake lingestahili mhadhara mwingine.

Machi 2023 shirika la Survival International lilitoa ripoti iliyoushambulia mradi huo, likidai kwamba hapakuwa na ushahidi wa kutosha kuwa ulishaji ulikuwa umebadilika, na kwamba mradi ulikuwa ukivuruga taratibu za jadi za malisho ilhali ukiziita zisizo na mpango. Northern Rangelands Trust ilizikana tuhuma hizo. Verra, shirika linaloidhinisha hati za aina hiyo, lilisimamisha utoaji wa hati ili kufanya ukaguzi, kisha likauruhusu mradi uendelee. Mpaka hapo mzozo ungeweza kuonekana kuwa wa wapimaji: nani ana picha bora, na nani ana modeli sahihi. Ila tarehe 24 Januari 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Isiolo, katika kesi iliyofunguliwa mwaka 2021 na wakazi 165 wa Merti, iliamua kwamba hifadhi za Biliqo Bulesa na Cherab ziliundwa kinyume cha katiba na sheria, bila wananchi kushirikishwa ipasavyo. Biliqo Bulesa ni mojawapo ya hifadhi za mradi wa kaboni, na baada ya hukumu hiyo Verra iliurudisha mradi chini ya ukaguzi. Setilaiti haikukosea kitu katika kesi hiyo. Hakuna aliyeiuliza, kwa sababu swali la mahakama halikuwa nyasi ni ngapi bali ni nani aliyekubali.

Hapo ndipo tofauti ya uthibitisho na maafikiano inapokuwa na gharama ya fedha. Kabla ya setilaiti, kampuni iliyotaka kujua hali ya malisho ya Biliqo ililazimika kwenda Biliqo, kuketi na wazee, na kuwategemea, na utegemezi huo uliwapa wazee nafasi ya kukataa. Chombo kilichoondoa gharama ya safari kiliondoa pamoja nayo sehemu ya nguvu ya mwenye nchi katika mapatano, bila mtu yeyote kukusudia hivyo. Watafiti wanaohesabu mafanikio ya kijani ya mageuzi ya kidijitali kwa wingi wa bidhaa mpya wangeuandika mradi huu kama ubunifu mmoja uliofaulu hadi siku ya hukumu, kwa sababu kipimo chao hakina mahali pa kuandika idhini.

Si kweli, hata hivyo, kwamba picha za kutoka angani lazima ziwapunguzie wenye nchi nguvu yao. Katika Isiolo hiyohiyo, kuanzia mwaka 2012 hivi, chini ya majaribio ya mfuko wa kaunti wa mabadiliko ya tabianchi, wakazi na wataalamu walitengeneza ramani za rasilimali kwa kuangaza picha za setilaiti ukutani na kuwaacha wafugaji wenyewe waonyeshe visima, mabwawa, sehemu zenye chumvi, njia za mifugo, malisho ya kiangazi na malisho ya akiba, kisha taarifa zikaingizwa katika ramani ya kidijitali inayoweza kurekebishwa. Picha zilikuwa za aina ileile inayotumiwa na makampuni ya bima na wauzaji wa kaboni. Kilichotofautiana ni mpangilio wa kazi: watu walisema kwanza mahali fulani ni nini na hutumiwa lini na nani, ndipo tarakimu zikafuata. Ramani hizo zilisaidia kamati za wadi kuchagua wapi kisima kichimbwe na, jambo ambalo mhandisi mgeni huwa hajui, wapi kisichimbwe, kwa kuwa maji ya kudumu katikati ya malisho ya akiba huyaita makundi mwaka mzima na kuyaangamiza malisho hayo. Ni mfuko wa umma uliowezesha hivyo, si kampuni. Nalo ni jambo la kusikitisha kwamba makampuni yaliyokuja baadaye na fedha nyingi zaidi hayakuanzia hapo.

Sheria imeanza kusogea, ingawa kwa hatua zisizolingana. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 humlinda mtu binafsi, jina lake, namba yake, mahali alipo. Haigusi picha ya malisho ya jamii, kwa kuwa bonde si mtu. Marekebisho ya mwaka 2023 ya Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi yamekwenda mbali zaidi, kwani mradi wa kaboni ulio juu ya ardhi ya jamii sasa lazima uwe na makubaliano ya maendeleo ya jamii yaliyosajiliwa, na jamii ipate angalau asilimia 40 ya mapato. Lakini asilimia hiyo ni ya wale waliosajiliwa kuwa jamii. Malisho ya Waso hayatumiwi na waliosajiliwa peke yao. Katika mwaka wa ukame makundi hufika kutoka Wajir, Garissa na Marsabit, wazee hujadiliana na wageni, na mwaka mwingine wenyeji ndio huwa wageni kwa wenzao. Wanaokuja katika mwaka mbaya hawamo katika sajili, na endapo mpango wa ulishaji utawafungia njia ili kaboni iendelee kuongezeka kwenye modeli, gharama yake itaonekana katika kaunti nyingine, katika hesabu ya kampuni nyingine, pengine ileile ya bima itakayowalipa kwa mifugo iliyokosa pa kwenda. Kampuni ya bima na mwuza kaboni hutazama mabonde hayahaya kwa vyombo vya namna moja, kila mmoja kwa mkataba wake, na hakuna sheria ya Kenya inayowadai waweke data zao mbele ya jarsa dedha, ambao ndio wanaoamua lini malisho yafungwe na lini yafunguliwe.